Mkono wa Mashoto

Tarehe 6 Machi

Daktari wa Meno amekuja kuulizia usukani wake. Alisimama mlangoni na mwavuli unaochuruzika maji, haingii wala haondoki, mtu mzima na mvi zake. Mwaka mzima hakuuliza. Nadhani aliona haya kudai kitu kilichotoka kwenye maji wakati aliyekibeba hakutoka.

"Mzee, sina haraka," alimwambia baba. "Ila gari bila usukani ni kama mdomo bila meno, na mimi ndiyo kazi yangu, siwezi kuutazama. Binti yangu anaolewa masika yakiisha. Anataka apelekwe na gari lile."

Baba alitazama ukutani, pale usukani ulipotundikwa tangu ulipookotwa. Ni wa gari la spoti la zamani, la viti viwili, na una spoku tatu za alumini zilizotobolewa matundu. Masika yaliyopita kaka yangu aliumaliza, akaufunga mgongoni kwa mpira, akapanda pikipiki kwenda kumfungia Daktari nyumbani kwake, ng'ambo ya korongo. Korongo likamchukua. Pikipiki ilipatikana. Usukani ulipatikana umenasa kwenye mizizi. Yeye hakupatikana, na hatukuzika kitu.

"Utakuwa tayari," baba alisema mwishowe. Kisha akanigeukia. "Fundi Mdogo, uteremshe."

Nimeshona sukani tangu nikiwa msichana na sasa natafuta miwani, lakini bado ni Fundi Mdogo. Kwa baba nitazikwa mdogo.

Mama alikuwa kwenye kona yake na bonge la nta. Aliinuka, akaingia ndani.

Tarehe 7 Machi

Nimefumua ngozi ya zamani. Imeoza, inatoka vipande vipande na harufu ya matope, lakini uzi ni mzima. Uzi aliopaka nta mama hauozi.

Kaka alishika kila kitu kwa kushoto, ndiyo maana hata mama aliyemzaa alimwita Mashoto. Tunashona kwa sindano mbili, na sisi wengine tunatanguliza ya kulia, kwa hiyo misalaba ya mshono wetu inalalia upande mmoja. Yeye alitanguliza ya kushoto, na yake inalalia upande wa pili. Mteja haoni. Mama anaona, tena kwa vidole, maana macho yake yameingia ukungu siku nyingi. Alikuwa akipitisha kidole gumba ndani ya duara na kusema, "Huu wa baba yako. Huu wa Mashoto." Wangu aliutambua kwa kubaki.

Tangu masika yale mama hali chakula ila kwa kulazimishwa, na haongei ila kuita. Akiniita mimi huitika "abee." Mashoto alikuwa akiitika "naam" kwa sauti nzito, mara moja, bila kuinua kichwa kwenye kazi. Siku hizi mama akishaniita na mimi nikaitika, hunyamaza kidogo, anangoja jibu la pili.

Tarehe 9 Machi

Mvua.

Tarehe 12 Machi

Chini ya ngozi mti una ufa mrefu karibu na spoku ya kushoto. Nimeujaza gundi na unga wa mbao, nimeubana kwenye jiriwa. Nitaupiga msasa ukikauka, kama kuna kitu kitakachokauka mwezi huu. Hata kiberiti kimelowa.

Baba amekaa siku nzima amevaa koti, mkono mfukoni. Tangu Mashoto aende hajashona tena, nasema ni majonzi. Nilimtania: "Baridi gani hii inayoshika mkono mmoja?" Zamani angenirudishia dongo. Leo alinyanyua kikombe akanywa, akatazama nje.

Tarehe 17 Machi

Nimekata ngozi. Nyeusi, laini, nimeikata fupi kuliko duara kwa makusudi, maana ngozi ya usukani lazima ivutwe hadi ilalamike, la sivyo itazunguka mkononi mwa dereva. Nimeilowesha maji ya vuguvugu. Nimetoboa kingo kwa msharasi.

Hapa kwetu kuna sheria moja ambayo baba hajawahi kuivunja: usukani hushonwa na mkono mmoja mwanzo hadi mwisho. Kila mtu ana mvuto wake. Ukichanganya mikono miwili, ngozi inajikunja pale inapokutana, na dereva atahisi donge hata kama halioni. Baba aliwahi kumrudisha fundi mzima kwao kwa sababu alimsaidia mwenzake mishono mitatu.

Tarehe 19 Machi

Nimeanza kushona kutoka spoku ya chini kwenda kulia. Mvuto mzuri. Nimeiacha jioni kwenye meza ya Mashoto kwa sababu yangu ina vitu.

Tarehe 20 Machi

Sijui niandikeje hili.

Nimefika asubuhi kutoka chumbani kwangu mtaa wa pili, nimefungua karakana, nikakuta mshono umeendelea. Nilipoachia jana, mtu amepokea. Urefu wa shubiri hivi, umebanwa sawasawa, misalaba yote imelalia kushoto.

Nilikaa chini. Nilidhani nimechoka, nikaenda dirishani, nikaugeuza kwenye mwanga. Ni mkono wake. Ningeujua hata nikiwa usingizini, nimekaa karibu nao maisha yangu yote. Na kigoda chake kimegeuzwa, kimetazama dirisha kwa upande wa kulia, alivyokuwa akikiweka ili kivuli cha mkono kisimzibie kazi.

Nilimpelekea baba. Aliutazama muda mrefu.

"Nani ameshona hapa?" nilimuuliza.

"Kwani nani mwingine alikuwa na mkono huu?" alisema, akanirudishia.

Tulipogeuka, mama alikuwa nyuma yetu. Aliunyoosha mkono. Sikutaka kumpa, nasema kweli, nilitaka kuuficha nyuma ya mgongo kama mtoto aliyeiba sukari. Alipitisha kidole gumba juu ya mishono yangu, haraka haraka, halafu akafika pale. Akasimama. Akarudi, akapita tena.

"Amerudi," alisema.

Hilo ni neno lake la kwanza tangu sijui lini lisilokuwa jina langu.

Tarehe 21 Machi

Mama amekula. Ameomba aongezewe.

Tarehe 23 Machi

Mishono mingine, kama nusu shubiri. Sheria ni sheria: mikono miwili haikai kwenye usukani mmoja. Mmoja lazima ufumuliwe. Nimefumua wangu. Mama alikuwa amekaa pale pale anasikiliza uzi unavyotoka, na hakuniambia hata pole.

Tarehe 25 Machi

Mvua usiku kucha. Mishono miwili tu, mibovu, halafu imefumuliwa na kushonwa upya. Hata marehemu anakosea, nikajisemea, nikacheka peke yangu na kicheko kikanitisha.

Tarehe 28 Machi

Mama anapaka nta nyuzi mbili sasa, mmoja wangu na mmoja anauweka kwenye kigoda cha Mashoto. Asubuhi ule wa kigodani unakuwa umetumika. Anaimba kidogo anapofanya kazi. Sauti imekauka kama mlango usiofunguliwa, lakini anaimba.

Tarehe 2 Aprili

Leo nitasema ninachokihisi, maana hakuna mwingine wa kumwambia.

Nina wivu. Nina wivu na maiti, tena maiti asiyeonekana. Nimebaki mimi. Nimemwosha mama nywele, nimemlisha, nimeshona sukani zote zilizolipia dawa za macho yake, na hajawahi kushika mshono wangu na kusema "huu ni wa fulani." Mashoto alikuja kazini akichelewa, akaondoka mapema, akaacha vipande vya uzi sakafuni, na sasa hata akiwa hayupo anashona kunishinda. Aliye mbali na moyo wa mama ni yule anayeonekana kila siku.

Halafu usiku nimemuota amekaa kitandani kwangu, nguo zimelowa, ananiuliza kama nina uzi mweusi. Nikaamka nalia. Nilimpenda. Alikuwa akinificha nyuma yake baba akigomba.

Tarehe 4 Aprili

Nyayo. Kutoka mlango wa uani hadi kwenye kigoda, nyayo za mtu asiyevaa viatu, zina maji. Mashoto hakuvaa viatu karakanani, alisema miguu inataka kujua kama sindano imeanguka. Nilisimama nazitazama zikikauka moja moja. Sikuzifuta.

Nimemwambia baba tumwite mtu. Aombe, asome, afanye chochote.

"Akufanyie nini?" aliuliza.

"Amtoe."

"Mama yako anakula," baba alisema. "Mwache."

Tarehe 5 Aprili

Sikwenda kazini. Niliogopa.

Tarehe 8 Aprili

Robo tatu ya duara imekamilika. Mkono ni wake, lakini nikiutazama kwa jicho la kazi naona kitu: mvuto unalegea mwishoni mwa kila kipande, kama anayeshona anachoka. Mashoto hakuwahi kuchoka. Akishaanza mshono, afadhali alale njaa kuliko kuuacha katikati. Sikumwambia mtu.

Tarehe 11 Aprili

Mchana nilikwenda mjini kutafuta nta. Nikafika kona, mvua ikashuka kwa hasira, barabara ikawa mto, nikageuka. Mama huwa analala saa hiyo. Nilipitia uani ili nisipige kelele na mlango wa mbele.

Baba alikuwa kwenye kigoda cha Mashoto.

Miguu mitupu. Koti limevuliwa kwa mara ya kwanza tangu masika yaanze. Mkono wa kulia ulikuwa umelala mapajani kama kitu cha mtu mwingine, vidole vimejikunja. Sindano ilikuwa mkono wa kushoto. Ile ya pili ameibana na meno. Alikuwa akitoboa, akivuta uzi kwa kichwa chake chote kurudi nyuma, anapumua, anatoboa tena. Jasho lilimtoka na huku kuna baridi.

Alinisikia. Hakuruka. Alitoa sindano mdomoni, akaifuta kwenye suruali.

"Funga mlango, maji yanaingia," alisema.

Nilifunga. Nilikaa sakafuni mbele yake, nikaushika ule mkono wa kulia. Ulikuwa wa baridi na mzito. Nilimuuliza tangu lini.

"Tangu walipoleta pikipiki. Siku ile ile. Niliishika ili niishushe kwenye gari, mkono ukaniachia. Kijiko hakikai. Kifungo sifungi. Nikaona nisiseme, fundi asiye na mkono ni nini? Ni mzee anayekunywa chai." Alicheka kidogo. "Nikaanza kuufundisha huu mwingine kwenye vipande vya ngozi. Alfajiri, kabla hujaja. Nilishona nikafumua, nikashona nikafumua. Siku moja nikautazama mshono nikaona si wangu. Ni wake. Nililia hapa hapa nilipokaa."

"Ungeniambia, baba."

"Nilitaka nikuambie siku ile uliponiletea. Mama yako akatangulia kuugusa."

Mvua ilipiga bati kwa nguvu. Nilikuwa na hasira, nilikuwa na huruma, na chini kabisa, aibu yangu, nilikuwa nimefarijika kwamba si Mashoto anayenishinda. Halafu hiyo nayo ikaniuma, maana ina maana kwamba hajarudi. Nilikuwa nimeshaanza kumzoea.

"Lazima tumwambie mama," nilisema.

"Mwambie wewe. Mimi ndiye niliyemtuma kwenye mvua ile. Alisema tungoje ikatike, nikamwambia mteja anangoja. Nimeshamuua mwanangu mara moja. Mara ya pili muue wewe."

Alirudisha sindano mdomoni.

Niliingia ndani. Mama alikuwa ameamka, amekaa kitandani anachana nywele zake mwenyewe. Aligeuza uso kunitafuta.

"Umelowa," alisema. "Badilisha nguo, utaugua. Mmoja aliyelowa ananitosha."

Nilibadilisha nguo.

Tarehe 14 Aprili

Sasa tuko wawili katika uongo. Nafika kazini nikiwa nimechelewa kwa makusudi, nakohoa mlangoni. Baba anavaa koti. Mama anapitisha kidole. "Ameshona vizuri leo," anasema, na mimi nasema, "Eeh, vizuri."

Nikimtazama baba siku hizi namwona mtu mwingine. Nilimdhani jiwe. Ni mtu aliyeketi kwenye kigoda cha mwanawe akijifunza kuwa yeye.

Tarehe 16 Aprili

Mvua.

Tarehe 17 Aprili

Mvua. Ukungu mweupe umeota kwenye ngozi, nimeupangusa kwa siki. Daktari wa Meno amepita, anataka kuja Jumamosi ya wiki ijayo. Aliuona usukani akafumba macho, akaushika hewani kama anakata kona.

"Mkono mzuri huu," alisema. "Nani ameshona?"

Nilitazamana na baba. Mama ndiye aliyejibu.

"Mwanangu."

Daktari alinitazama mimi, akainamisha kichwa kwa heshima, akidhani mwana anayesifiwa ni mimi. Sikumrekebisha.

Tarehe 20 Aprili

Baba ameanguka. Nimemkuta asubuhi sakafuni kando ya kigoda, macho wazi, sindano imeshikwa kwa nguvu hata ikabidi nimfungue vidole kimoja kimoja. Tumempeleka hospitali kwa gari la jirani. Yu hai. Upande wa kulia umekwenda wote, na ule wa kushoto unatetemeka. Maneno yanamtoka yamepondeka. Nilimwelewa neno moja tu, alilirudia: "Bado. Bado."

Usukani umebaki nafasi ya kiganja.

Tarehe 21 Aprili

Mama ameamka mapema, ameshika usukani.

"Hakushona?"

"Hakushona, mama."

"Labda kwa sababu baba yake anaumwa."

Tarehe 22 Aprili

"Hakushona?"

Nimemletea uji. Umepoa mezani.

Tarehe 23 Aprili

Hakuniuliza. Alipitisha kidole hadi pale mshono unapoishia, akakiacha hapo, kwenye sindano inayoning'inia. Hajapaka nta. Hajala. Jioni aliniita, nikaitika abee, akangoja jibu la pili kwa muda mrefu kuliko zamani, halafu akajifunika shuka hadi usoni.

Nilikwenda hospitali nikamweleza baba. Hakuweza kusema. Alinyanyua mkono wake wa kushoto unaotetemeka, akaushika wangu. Wa kushoto kwa wa kushoto. Akaubana.

Nilimwambia siwezi. Nilimwambia mimi si Mashoto na sitaki kuwa yeye, nimechoka kuwa yule anayebaki. Aliendelea kuubana.

Tarehe 24 Aprili

Nimefanya mazoezi chumbani kwangu kwenye vipande. Mkono wa kushoto ni mjinga. Nimejichoma hata kwenye kucha. Mishono yangu imekaa kama meno ya mtoto.

Tarehe 25 Aprili

Inaanza kulala upande unaotakiwa. Niliegemea, nikaacha bega lishuke, nikabana ulimi pembeni ya mdomo. Nikashtuka. Mashoto ndivyo alivyokuwa akibana ulimi. Sijawahi kufanya hivyo maishani.

Mama hajala siku ya nne.

Tarehe 26 Aprili

Nimekwenda asubuhi na mapema. Nimevua viatu. Nimegeuza kigoda. Uzi haukuwa umepakwa nta, nikaupaka mwenyewe. Nikaanza pale baba alipoachia.

Mishono michache ya kwanza niliitolea jasho. Halafu sijui nini kilitokea, niliacha kuufikiria mkono. Ulikwenda wenyewe. Kutoboa, kuvuka, kuvuta. Mvua ilikuwa inapiga bati taratibu, mwanga unatoka upande wa kulia, na kwa mara ya kwanza niliona karakana kama alivyokuwa akiiona yeye: meza yangu kule mbali, na mgongo wa mtu asiyekuwepo akiwa ameinama juu yake. Ndivyo alivyokuwa akiniona mimi kila siku. Nilijikuta namhurumia yule mwanamke.

Nilifunga fundo la mwisho, nikalizamisha chini ya ngozi. Nikakata uzi, vipande vikaanguka sakafuni. Sikuviokota.

Mama alikuwa amesimama kwenye mlango wa ndani. Sijui tangu lini. Alikuja akipapasa meza, akaupokea usukani bila kuomba. Alianza spoku ya chini, akapita mishono yote ya baba, taratibu, akafika mahali mkono unapobadilika. Kuna donge pale, dogo mno, mimi mwenyewe nililihisi. Kidole chake kilisimama juu ya donge. Nilisema moyoni, sasa atajua, na sehemu ya moyo wangu iliomba ajue, ashike ule upande wa pili na hatimaye aseme huu ni wa binti yangu.

Alipita. Akamaliza duara. Akauweka mezani, akageuka kurudi ndani, na alipofika mlangoni akaita, bila kutazama nyuma:

"Mashoto."

Nilifungua mdomo. Neno lililotoka lilitoka zito, mara moja, na sikuinua kichwa.

"Naam."

Hakungoja jibu la pili. Alishusha pumzi, na mabega yake yakashuka pia.

"Njoo tule, nimeona njaa," alisema. Kisha akageuza uso, macho yake yenye ukungu yakinipita begani kuelekea meza yangu. "Na mdogo wako yuko wapi? Mbona leo simsikii?"

Nilimwambia nimemtuma uzi, mvua ikikatika atarudi.